Mama wa Kwenye Simu

Miao Cuiping alikuwa na sauti mbili. Ya kwanza ilitoka taa ya duara ya kurekodia ilipowashwa, nayo ilikuwa laini, ya kubembeleza, ya mtu aliyezaliwa kwa ajili ya kutumikia wazee. Ya pili ilitoka taa ilipozimwa, na hiyo hata paka wa jirani aliijua na kuikimbia.

Jioni hiyo, kama jioni zote, ilianza ile ya kwanza.

"Mama, maji yamekuunguza? Nikuongezee ya baridi kidogo, Mama?"

Alikuwa amepiga magoti kando ya beseni, mbele ya kiti cha magurudumu, ameushika mguu wa mavyaa wake kwa mikono miwili. Bi Dou Suzhen, mwenye mguu huo, alikuwa ameinamisha kichwa upande wa kushoto kama alivyofundishwa, na nywele zake nyeupe zilikuwa zimetimuliwa kwa makusudi. Nyuma ya simu alisimama Pang Weimin, mtoto wa mmoja na mume wa mwingine, akisoma maoni ya watazamaji na kumwonyesha mkewe kwa vidole majina ya kushukuriwa.

"Jamaa zangu," Cuiping aliigeukia simu huku machozi yakimlenga, "kuna dada hapa ananiuliza kama sichoki. Dada, mtu huchoka na mama yake? Mimi nikimwosha Mama miguu, naona kama naoshwa moyo."

Mawaridi, zawadi ambazo watazamaji huzinunua kwa fedha, yakamiminika kwenye kioo cha simu. Bi Dou akaachia mate kidogo yateremke pembeni mwa mdomo. Hilo hakufundishwa na mtu. Alilibuni mwenyewe kwa kuchoshwa na kukaa bure, na watazamaji walilipenda kupita kiasi.

Weimin alibonyeza kioo, taa ikazimika.

"Bibi yake Lele, toa miguu, unanimwagia maji kwenye zulia," alisema Cuiping kwa sauti ya pili. Lele alikuwa mtoto wao, aliyekuwa akisoma shule ya bweni.

Bi Dou alitoa miguu, akaifuta mwenyewe, akavaa ndala, akasimama na kwenda zake jikoni kutafuta figili za chumvi. Mguu wa kulia ulichelewa kidogo nyuma ya mwenzake, basi. Mtu asiyejua angedhani kiatu kinambana.

Tusimwonee Cuiping. Kiharusi kilikuwa cha kweli. Miezi mitano ya mwanzo bibi huyo alilala kama gogo, na aliyemgeuza, aliyemlisha, aliyefua mashuka yake kwa maji ya baridi ya majira ya kipupwe alikuwa Cuiping huyu huyu, akilalamika tangu asubuhi hadi jioni, lakini akifanya. Siku moja Weimin alimrekodi akimwosha mama yake miguu, akaiweka video mtandaoni bila sababu ya maana. Kulipokucha, watu elfu thelathini walikuwa wamemwita Cuiping mkamwana wa dhahabu. Katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumwita Cuiping kitu chochote cha dhahabu. Alikuwa mkataji nyuzi katika kiwanda cha soksi, mke wa dereva wa lori, mwanamke ambaye hata kwenye picha ya harusi yake alifumba macho. Jina lile alilipokea, akalivaa, na halikuvulika tena.

Kisha bibi akapona. Hapo ndipo shida ilipoanza.

"Daktari alisema nitembee kila siku," Bi Dou alisema, mdomo umejaa figili.

"Na mimi nimekukataza? Tembea. Ukumbi wote huu ni wako. Funga tu mapazia."

"Nimeshatembea ukumbini mpaka vigae vimenizoea. Nataka kwenda uwanjani kucheza ngoma na wenzangu. Bi Hou ameniwekea nafasi mstari wa mbele. Sikukuu ya wazee wanashindana na timu ya mtaa wa kaskazini, na mimi feni zetu zile nyekundu za kukunja mkononi nazijua kuzizungusha tangu kabla hujaolewa hapa."

Cuiping alimtazama kama mtu aliyesikia kuku akiomba pasi ya kusafiria.

"Bibi yake Lele, watu laki nne wanajua huwezi kusimama. Laki nne! Wewe ukacheze ngoma hadharani, kila mtu pale ana simu mkononi?"

"Majirani wote wanajua nasimama."

"Majirani hawajawahi kunitumia hata waridi moja."

Bi Dou alimgeukia mwanawe. Weimin alikuwa na shughuli kubwa ya kukunja waya wa taa, waya ambao ulikuwa umeshakunjwa.

*

Siku hizo Weimin hakuendesha tena lori. Alikuwa mshika simu wa mkewe. Rafiki zake waliocheza sataranji chini ya ghorofa walimwita Bwana Dhahabu, wakamwuliza kama na yeye huoshwa miguu au hungoja zamu. Alicheka nao. Nyumbani alikula chakula kikiwa baridi, kwa sababu uji wa mtama na mikate ya mvuke ilipaswa kurekodiwa kwanza, mara tatu, mvuke ukionekana, na mvuke ulipokwisha ndipo wenye nyumba waliporuhusiwa kula.

"Hivi hatuwezi kula kwanza siku moja?" aliuliza usiku huo, akitafuna mkate uliokuwa mgumu kama kisigino.

Cuiping hakumsikia. Alikuwa anasoma maoni. Alisoma kila usiku, na si kwa majivuno kama watu walivyodhani. Alisoma kama mtu anayesoma barua kutoka kwao. Mtu wa mkoa wa Sichuan alimwambia, dada, wewe ndiye sababu nilimpigia mama simu leo. Cuiping alilia, machozi ya kweli, taa ikiwa imezimwa.

"Baba Lele, sikiliza huyu. Anasema nina uso wa huruma."

Weimin aliutazama uso wa mkewe kwenye simu, uliolainishwa na kurefushwa macho, kisha akautazama huu wa kitandani.

"Ni kweli," alisema kwa tahadhari.

"Mbona umenitazama hivyo?"

"Sijakutazama."

"Mimi ni mtu wa namna hiyo, Weimin. Watu laki nne hawawezi kukosea wote. Ni nyinyi humu ndani mnaonifanya nipige kelele."

Chumba cha pili, Bi Dou alisikia yote. Wiki iliyofuata alianza kwenda kwa Bi Hou kila alfajiri kufuma soksi, ndivyo alivyomwambia Weimin. Alijifunga mtandio usoni na kutoka kupitia mlango wa jikoni. Cuiping aliyekuwa anaamka saa mbili kwa uchovu wa kusoma maoni hakujua kitu. Weimin alijua, na alimwachia mama yake mlango bila komeo. Huo ndio ulikuwa ushujaa wake wote mwaka ule.

*

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, nao hawakuwa na simu.

Zilibaki siku tisa kufika sikukuu ya wazee. Kijana mmoja mpita njia alirekodi wazee wakicheza uwanjani asubuhi, akaweka video kwa sababu jua lilikuwa limepiga vizuri kwenye feni nyekundu. Hakuwa na nia mbaya. Mtazamaji wa kwanza aliandika, wazuri hao. Wa pili aliandika, mbona huyo wa mbele kushoto anafanana na Mama wa mkamwana wa dhahabu? Wa tatu hakuandika. Aliweka picha mbili ubavu kwa ubavu, na pengo la jino la pembeni lilikuwa lile lile.

Kufikia saa sita mchana Cuiping alikuwa tapeli, mnafiki, nyoka wa kijani. Mtu mmoja alitaka arudishiwe roketi yake, zawadi ya bei kubwa kuliko waridi. Wa Sichuan, yule yule, aliandika, nimelia bure.

Cuiping alilisoma hilo mara nyingi, kisha akamfuata mavyaa wake jikoni.

"Umeniua," alisema. Hakupiga kelele, na Bi Dou aliogopa zaidi. "Umeniua mimi."

"Mama Lele, nimecheza ngoma. Sijakata mtu kichwa."

"Nilikufulia mashuka! Hayo nayo yalikuwa ya uongo?"

"Hayakuwa ya uongo," Bi Dou alisema taratibu. "Ulinifulia. Nakumbuka. Kila siku ulinitukana na kila siku ulinifulia, na mimi nilikuwa nakuombea dua humo humo kitandani. Yule mtu nilimpenda. Kisha ukaja na hii taa."

Simu ilitetemeka mkononi mwa Cuiping, akaitazama. Akiwa anaitazama, wazo likamjia, na rangi ikamrudia usoni.

"Muujiza," alisema.

"Nini?"

"Umepona kwa ajili ya upendo. Ulikuwa unafanya mazoezi kwa siri ili kunishangaza mimi. Sikujua! Ndiyo, sikujua hata kidogo. Kesho saa moja jioni utasimama mbele ya watu wote, utatembea hatua chache, uanguke mikononi mwangu. Weimin! Lete kile kiti!"

Weimin alikuja. Mama yake alikuwa amekaa, akilipima neno hilo. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na huyu bibi alikuwa amelowa mwaka mzima.

"Nikifanya hivyo," alisema Bi Dou, "nitacheza na timu? Hadharani? Mstari wa mbele?"

"Utacheza mpaka uchoke. Tutarekodi."

"Sijasema mrekodi."

"Tutalizungumza hilo."

*

Mazoezi yalianza baada ya chai. Weimin alishika simu. Cuiping alipiga magoti mwisho wa zulia, mikono ameinyoosha.

Bi Dou alisimama kutoka kitini, akatembea hadi pale, akafika.

"Hapana," alisema Cuiping. "Haraka mno. Rudi."

Alirudi. Akasimama tena, akatembea pole pole.

"Tetemeka. Goti, goti litetemeke. Na mkono huu uwe kama unatafuta ukuta. Rudi."

Alitetemeka.

"Sasa umetetemeka kama mwenye homa. Uliwahi kuugua kweli wewe?"

"Niliwahi," alisema Bi Dou.

"Basi kumbuka! Baba Lele, mwonyeshe ile video ya mwezi wa tatu. Tazama hapo, bibi yake Lele. Tazama Mama anavyoshusha bega. Unaona macho yake? Mtu akimwona anataka kumkumbatia. Wewe unatembea umekaza shingo kama unadai kodi."

Bi Dou alitazama kwenye simu. Bibi wa huko alikuwa mweupe, mpole, ngozi kama unga wa mchele, macho makubwa yenye maji. Alimtazama kwa muda mrefu, kama unavyomtazama jamaa aliyepata cheo akaacha kukusalimia.

"Rudi mwanzo," alisema Cuiping. "Mara ya mwisho."

Bi Dou alirudi, akasimama, akatembea kwa miguu yake mwenyewe, ule wa kulia ukichelewa kidogo kama kawaida.

Cuiping alishusha mikono kwa kukata tamaa. "Haifai. Hutembei kama Mama."

Weimin alitazama sakafu. Cuiping hakuona kuwa amesema jambo lolote. Alikuwa ameshageukia simu, anarudia kuitazama ile video ya mwezi wa tatu, midomo ikimcheza kwa upendo.

"Weimin," alisema Bi Dou, "nipe maji ya kunywa." Na alipoyanywa alisema amechoka, kesho atajua la kufanya.

*

Kesho yake walikuwa watu elfu sitini. Wengi walikuja kutukana. Cuiping alivaa blauzi ya zamani ya kiwanda cha soksi, akaketi mbele ya taa akiwa amevimba macho.

"Jamaa zangu," alianza, "mmeniita tapeli. Niiteni. Lakini msimguse Mama. Nami jana ndiyo nimejua siri ya mzee huyu. Usiku, mimi nikiwa nimelala, Mama alikuwa anashika ukuta..." Sauti ikamkatika palepale ilipopangwa kukatika, ila safari hii ilikatika kweli, hata yeye akashtuka. "Leo atawaonyesha."

Alirudi nyuma kwa magoti hadi mwisho wa zulia. Akafungua mikono.

"Mama! Njoo, Mama!"

Bi Dou alikuwa kitini, kichwa kimelala kushoto. Hakuinuka.

"Mama, usiogope. Niko hapa."

Maoni yalipita kwa kasi kama mvua ya mawe. Haya basi, asimame. Mchezo wa kuigiza. Mwachieni mzee, wanyama nyie.

"Mama, hatua moja tu! Mama!"

Bi Dou aliinua macho, akamtazama mkamwana wake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kumtazama hivyo taa ikiwa imewaka. Kisha akaegemeza mgongo vizuri, akaweka mikono mapajani, akakaa. Alikaa kama mtu aliyefika nyumbani kwake. Weimin nyuma ya simu aliona, na mtu yeyote anayemjua mama yake angeona, kwamba hata farasi wawili wasingemwinua pale.

Cuiping alimwita mpaka sauti ikamkauka. Mwisho aliangusha uso kwenye zulia, akalia. Alilia kwa sababu kila kitu kilikuwa kimekwisha.

Lakini Weimin, aliyekuwa akisoma maoni, aliona mambo yanageuka. Hawezi, aliandika mmoja. Angalieni, maskini, hawezi kabisa. Wa pili aliandika: yule wa kwenye ngoma ni mtu mwingine, nilisema tangu mwanzo. Wa tatu: dada wa watu amedanganywa na matumaini, mama hawezi kutembea, na sisi tulimtukana. Yule wa Sichuan aliomba radhi kwa niaba ya mkoa mzima. Waridi, roketi, boti za dhahabu, vitu ambavyo Weimin hakuwahi kuviona, vilijaa kwenye kioo hata sura ya mama yake ikafunikwa.

Taa ilipozimwa, Cuiping aliinua uso, pua imejaa makamasi, akapokea simu na kusoma. Alisoma akiwa amekaa, akasoma akiwa amesimama.

"Bibi yake Lele," alisema kwa mshangao, karibu kwa heshima. "Umetuokoa. Ulijuaje?"

Bi Dou aliinuka kutoka kitini.

"Sikujua kitu," alisema. "Nilikuwa nakataa."

*

Alihama asubuhi. Alichukua nguo zake, dawa za presha na mtungi wa figili. Weimin alibeba mzigo.

"Mnakwenda wapi?" Cuiping aliwauliza mlangoni, mswaki mdomoni.

"Kwa Bi Hou. Ana chumba cha mwanawe, kimekaa bure."

"Kwa siku ngapi? Jioni nina laivu!"

"Mama Lele," alisema Bi Dou, "yule mama yako ni mpole, mgonjwa, hana maneno, hali figili. Sijui hata alikotoka. Mimi na yeye hatuwezi kukaa nyumba moja. Mmoja alikuwa lazima aondoke, na nimeona wewe ungenifukuza mimi."

"Nani amesema nakufukuza? Baba Lele, sema basi!"

Weimin alihamisha mzigo kutoka bega moja kwenda jingine.

"Ni mama yangu, Cuiping."

"Na wangu je?"

"Wako yuko kwenye simu."

Hilo lilikuwa neno kali kuliko yote aliyowahi kumwambia tangu waoane, na lilimtisha mwenyewe, akashuka ngazi haraka. Baada ya kumfikisha mama yake alikwenda kumwuliza bosi wa zamani kama lori bado lipo. Lilikuwepo. Siku ya pili alikuwa njiani kwenda Tianjin na shehena ya vitunguu saumu, akila mkate wa moto kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

Mnafikiri Cuiping aliacha? Jioni ile ile aliketi mbele ya mlango wa chumba cha mavyaa wake, mlango umefungwa, beseni likiwa kando yake. "Jamaa zangu, Mama hataki kuonekana tena," alinong'ona. "Fitina zimemvunja moyo. Amelala. Tuongee pole pole." Na watu wakaongea pole pole. Wafuasi walipita laki tano. Ikawa desturi: anapika uji, anaurekodi ukitoa mvuke, anaingia nao mle chumbani, anafunga mlango, anatoka na bakuli tupu. Alikuwa anaula mwenyewe, amekaa ukingoni mwa kitanda, akiupuliza kwanza.

*

Siku ya sikukuu ya wazee simu yake iliita. Alikuwa mfuasi mmoja, Bi Ruan, mama wa makamo kutoka Fujian, mtu wa roketi nyingi, aliyesafiri kwa treni siku nzima bila kutoa taarifa ili aje kumsalimia Mama kwa macho yake.

"Dada, nimepotea! Teksi imenishusha hapa uwanjani penye ngoma. Njoo unichukue, nina mzigo wa chai!"

Cuiping alishuka mbio, hata blauzi hakubadili. Uwanja ulikuwa umefurika. Spika ilipiga kelele, timu ya mtaa wa kaskazini ilikuwa imemaliza kwa aibu, mmoja wao kaangusha feni, na sasa ilikuwa zamu ya timu ya Bi Hou. Bi Ruan alimwona Cuiping, akamrukia, akamkumbatia, akalia begani mwake.

"Ni wewe! Ni wewe kweli! Mikono hii hii inayomwosha Mama!"

Watu waligeuka kutazama. Na palepale muziki ukaanza, na mstari wa mbele, kushoto, Bi Dou Suzhen akafungua feni.

Alikuwa amepaka nywele rangi nyeusi. Alikuwa na rangi nyekundu ya mdomo, na blauzi ya kung'aa, na pengo lake la pembeni limeachiwa wazi kwa kicheko. Mguu wa kulia ulichelewa kidogo kila mzunguko, naye aliugeuza uchelewaji ule kuwa madaha, hata bibi wa nyuma yake akawa anamwiga.

"Dada," Bi Ruan alisema, amekaza macho, "yule mama pale, huyo wa mbele kushoto. Angalia. Si anafanana na Mama?"

Cuiping aliangalia. Bi Dou naye alikuwa amemwona. Walikuwa karibu kiasi cha kusikiana, maana spika ilikuwa imepungua kwa ajili ya kipande cha polepole. Mzee aliendelea kucheza, lakini macho yake yalimkalia mkamwana wake, yakingoja, na kicheko kilikuwa kimesimama usoni bila kushuka wala kupanda. Kwa mtu aliyehama kwa maneno makali vile, macho yale yalikuwa na matumaini ya ajabu. Angekubali hata kutukanwa. Angekubali kuitwa bibi yake Lele mbele ya uwanja mzima.

"Hafanani," alisema Cuiping.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Yule simjui." Sauti iliyotoka ilikuwa ile ya kwanza, laini, ya kubembeleza, na taa ya duara haikuwepo. "Mama ana macho ya huruma."

Bi Ruan alitazama tena, akalinganisha, akatikisa kichwa. "Kweli dada. Huyu ana uso wa ubishi."

Feni nyekundu zilifungwa zote kwa pamoja. Zilipofunguliwa Bi Dou alikuwa amegeukia upande wa pili, na hakutazama tena huku.

*

Nyumbani, Bi Ruan hakutaka hata maji. Aliuliza tu kama anaweza kumwona Mama, dakika moja.

"Amelala," alisema Cuiping. "Leo amechoka sana."

"Basi nisimsumbue. Nimsalimie hapa hapa mlangoni."

Mama huyo wa watu alipanga majani ya chai na soksi za sufu alizozifuma mwenyewe mbele ya mlango uliofungwa, akainama mara tatu, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye mama yake alifariki wakiwa hawasemeshani, na kwamba kila jioni akimwona Mama kwenye simu anahisi amesamehewa. Cuiping alisimama kando, akilia naye. Kisha akamsindikiza hadi kituo cha basi, wakaagana kama ndugu wa tumbo moja.

Aliporudi jua lilikuwa limeingia hadi katikati ya ukumbi. Simu aliiacha mezani. Hakukuwa na taa, hakukuwa na Weimin, hakukuwa na mtu wa kumtazama. Aliokota soksi na chai. Alipofika mbele ya kile chumba alijikuta amevua viatu, amevishika mkononi, anapita kwa ncha za vidole, amebana pumzi, ili asimwamshe.